Mshahara wa Memba

Mliniacha wiki jana nikiwa memba mpya wa baraza la mtaa, nimevaa koti la kuazima, na sina nyumba.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza nitasema kwa ufupi. Mimi naitwa Kiprugut, mtu wa Keringet. Nilikuwa dereva wa lori la takataka hapa Nakuru. Wafagiaji wa mji walinisukuma nisimame kura ya baraza la Waafrika ili niwapiganie mshahara wao. Nikasimama, nikashinda. Kesho yake nikaambiwa kwamba anayelipwa na mji hawezi kuwa memba. Nikarudisha funguo za lori, na nyumba yetu ya Bondeni ikaenda pamoja nazo, kwa sababu ilikuwa nyumba ya kazi.

Tukahamia chumba kimoja nyuma ya bucha ya Ishak, mimi na mke wangu Chepkurui na mtoto wetu Jeruto. Chepkurui alikuwa mkunga wa kibarua katika kliniki ya mtaa. Tukaishi kwa jasho lake.

Hapo ndipo tulipokuwa. Na mambo yangekuwa yameishia hapo, leo ningekuwa nalala.

Wakati huo memba hakuwa na mshahara. Kulikuwa na posho kidogo ya siku ya kikao, ya sabuni na mkate. Lakini nani alijua hilo? Watu waliona koti tu.

Kabla Chepkurui hajawasha jiko asubuhi, mlango unabishwa. Huyu amefukuzwa kazi Milimani kwa sababu ya sahani iliyovunjika, anataka nikaongee na mzungu wake. Yule, kijana wake ameshikwa bila pasi ya kutembea, anataka nikamtoe. Tulikuwa bado katika Hali ya Hatari, na kwenda polisi kumtetea mtu halikuwa jambo la kufanya ukitembea kifua mbele. Nilikwenda. Mara nyingine nilisikilizwa, mara nyingi niliambiwa ningoje nje.

"Unafanya kazi kuliko wakati wa lori," Chepkurui aliniambia.

"Ndiyo."

"Na lori lilikuwa linalipa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anafunga kitambaa chake cheupe cha kazi huku akinyonyesha, na maneno yalitoka tu.

Kisha akaja Chepchirchir.

Huyu mama ni wa kwetu Keringet, boma lake na la baba yangu yametenganishwa na kijito. Alikuwa amemleta mtoto wake hospitali, na mtoto akafariki. Alitaka kumrudisha nyumbani akamzike. Alisimama pale mlangoni, hakulia. Aliniita mwanangu.

"Mwanangu, nimesikia wewe ni mkubwa siku hizi. Nitafutie gari."

Miezi michache tu nyuma lori lilikuwa mkononi mwangu. Sasa nilikuwa mkubwa, na sikuwa na hata baiskeli.

Nilizunguka mji mzima. Kila mwenye gari alitaka pesa ya mafuta kwanza. Mwishowe nikaenda kwa Naftaly.

Naftaly alikuwa memba mwenzangu, wa zamani. Alikuwa na maduka, mashine ya kusaga na malori mawili. Nilimwendea kwa mlango wa nyuma wa duka, nikamweleza. Hakuniuliza neno. Alimwita dereva wake, akamwambia, "Mpeleke huyu mama mpaka kwao, na ungoje wazike ndipo urudi."

Nilimshukuru mpaka nikaishiwa maneno.

"Ni kitu kidogo, kijana," alisema. "Ukikwama tena, mlango huu unaujua."

Nilipotoka pale nilikuwa nimepata nilichotaka, lakini nilitembea upesi kama mtu anayekimbia kitu. Nilijua kwamba siku atakayonigeukia na kuniomba jambo, sitakuwa na mdomo wa kukataa.

Baada ya hapo ndipo Mwalimu Hezekiah alipoleta hoja yake.

Hezekiah alikuwa amefundisha miaka mingi kabla ya kuwa memba. Suruali yake ilikuwa na viraka magotini, amevishona mwenyewe. Hoja yake ilikuwa hii: memba walipwe mshahara wa kila mwezi, uwe juu ya mshahara wa mwalimu mkuu, juu ya mkunga, juu ya mtu yeyote anayelipwa na mtaa.

Habari ilienea Bondeni siku hiyo hiyo. Nyongesa akaja mbio kwa bucha ya Ishak. Nyongesa alikuwa kiongozi wa wafagiaji, na ndiye aliyenibeba mabegani siku nilipotangazwa.

"Ndugu, ni kweli?"

"Hoja imeletwa. Haijapita."

"Sisi tumeomba nyongeza tangu mvua za mwaka juzi. Wanatuambia pesa hakuna. Sasa ya memba imetoka wapi?"

"Nitasema barazani."

"Sema kwa nguvu. Tutakuwa nje ya dirisha."

Nyumbani nilimkuta Chepkurui anaosha sufuria. Nikamuuliza yeye anaonaje, memba anastahili kulipwa kuliko mkunga?

Alifikiri. Chepkurui hajibu haraka.

"Memba anaweza kuamshwa na watu wakati wowote," alisema. "Mimi pia. Memba akikosea, watu wanakasirika. Mimi nikikosea, mtu anakufa. Kwa hiyo sijui hiyo zaidi wanaipimia kwa kitu gani."

"Lakini memba anaweza kutolewa kura ijayo. Hana malipo ya uzeeni."

"Na mimi kibarua nina ya uzeeni?"

Akanipa Jeruto nimshike, akamwaga maji.

"Lipwa," alisema. "Mtu anayefanya kazi alipwe. Lakini usilipwe kwanza, sisi baadaye."

Siku ya kikao wafagiaji walijaa nje ya ukumbi na mifagio yao. Mwenyekiti wetu alikuwa afisa mzungu. Alisema mambo ya mishahara hayasikilizwi na wageni, akafunga milango. Madirisha, yaliyokuwa juu kuliko kichwa cha mtu, yalibaki wazi kwa sababu ya joto.

Hezekiah alisimama akasema yake. Alisema memba asiye na mshahara ni ombaomba aliyevaa tai. Alisema kama kiti hiki hakilipi, basi kila mara watakaa hapa wenye maduka tu. Akamtazama Naftaly waziwazi.

Mimi nikafuata. Nilisema kwa sauti kubwa ili Nyongesa asikie. Nilisema mtu anayebeba uchafu wa mji huu mgongoni alipwe kwanza, kisha anayezalisha mama zetu, halafu ndipo sisi tujiangalie. Nje wakapiga mifagio chini. Nilisikia vizuri moyoni. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nimesikia vizuri.

Kisha akasimama Naftaly.

"Bwana Mwenyekiti, mimi napinga hoja hii," alisema. "Kazi ya memba ni utumishi. Tangu nimeingia hapa sijaomba senti, na sitaomba. Anayetaka mshahara atafute kazi. Namuunga mkono kijana wetu Kiprugut. Yeye na mimi tuko kitu kimoja."

Nje wakashangilia zaidi. Naftaly akaketi, akanipiga begani polepole.

Yeye na mimi kitu kimoja. Mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, nami nikaona mlango wa nyuma wa duka lake. Nikajiona nikirudi pale kwa ajili ya mama mwingine, na mwingine, mpaka siku Naftaly atakaposema, sasa kijana, kuna jambo moja. Yeye angepinga mshahara hata mara mia. Kuukosa hakukumpunguzia kitu. Kuukosa kulikuwa kunanifunga mimi.

Mwenyekiti alisema fedha zikihitajika zitapatikana kwa kubana matumizi katika idara. Hakuna aliyeuliza idara gani. Hata mimi sikuuliza.

"Wanaokubali, mikono juu."

Wakainua, Hezekiah na wenzake. Mwenyekiti akahesabu.

Mkono wangu ukainuka.

Siwezi kusema nilisukumwa, kwa maana hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimetoka kusema napinga, na watu wamenisikia kupitia dirishani, na mkono ukaenda juu. Hezekiah alifumba macho kama mtu anayeshukuru Mungu. Naftaly hakushtuka. Alinitazama tu, kama mtu anayeangalia bei ya kitu dirishani.

Karani alitoka nje akatangaza kwamba hoja imepita kwa kura moja, bila kutaja nani aliinua mkono.

Nilitoka nikitegemea mawe. Nyongesa akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Tumeshindwa, lakini tumejua mtu wetu," alisema. "Tumekusikia wote. Wewe na Mzee Naftaly ndio wanaume mle ndani."

Nilifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Nyongesa akaniambia. "Najua unaumia."

Nami sikusema kitu.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kutokaa. Nikikaa kwa Ishak kunywa chai, Ishak anakataa pesa yangu, anasema chai ya mtu mkweli hailipwi. Naacha chai na povu lake, naondoka. Nikipita sokoni akina mama wananiita, baba, baba, shika hili embe. Nikaanza kupita njia za nyuma. Nilitembea mpaka ziwani na kurudi bila sababu. Chumbani nilipima sakafu kwa miguu mpaka Jeruto akazoea kulala akisikia hatua zangu.

"Baba Jeruto, hebu keti," Chepkurui alikuwa akisema. "Umefanya uliloweza. Imepita bila wewe."

Mara kadhaa nilimwita, "Mama Jeruto." Akiitika, naomba maji.

Kisha alasiri moja alirudi kutoka kliniki kabla ya wakati, kitambaa cheupe amekikunja mkononi. Aliketi kitandani.

"Wakunga wa kibarua tumeachishwa," alisema.

"Wote?"

"Wote. Msista wa kliniki amesema matumizi yanabanwa. Amesema baraza limeamua." Akakunjua kitambaa, akakikunja tena vizuri zaidi. "Kuna mama nilikuwa nimemwacha mezani, uchungu umeanza. Nikaambiwa nitoke. Sijui amejifungua nini."

Nilisimama pale katikati ya chumba.

"Angalau wewe mkono wako haumo," alisema Chepkurui. "Ingekuwa umo, sijui ningekuangaliaje."

Nawaambia ninyi mnaonisoma, ningeweza kusema palepale. Tulikuwa wawili tu, na mtoto amelala. Nilitoka nje nikasimama karibu na magogo ya kukatia nyama mpaka Ishak akaniuliza kama naumwa.

Wafagiaji nao wakapata jibu lao wiki ileile. Nyongeza yao imeahirishwa. Hawakusema lini. Nyongesa akawakusanya watu wake, wakakubaliana kuweka mifagio chini.

Kabla hawajaiweka, Naftaly alinitembelea. Chepkurui alikuwa ameenda kutafuta kibarua cha kufua nguo, Jeruto mgongoni. Mzee alivua kofia, akaketi kitandani kwetu bila kuambiwa.

"Nimesikia juu ya mama Jeruto," alisema. "Pole."

"Asante."

"Kijana, mimi si mtu wa maneno mengi. Wale watu wako wakigoma, uchafu utajaa mbele ya maduka yangu, na wateja watakimbia. Wewe wanakusikiliza. Waambie wafanye kazi."

"Hawatakubali."

"Watakubali. Wewe ndiye ulisimama nao." Aliniangalia kwa upole kabisa. "Si ndivyo wanavyojua?"

Nikausogeza mlango, ukafungika.

"Mimi sijamwambia mtu," alisema. "Na sioni sababu ya kusema, tukielewana. Mshahara wako wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi. Kula na mtoto wako. Ni haki yako, uliupigia kura."

Akavaa kofia, akaenda. Nikagundua kwamba nilikuwa nimeinua mkono ule ili nisimilikiwe na Naftaly, na ndio mkono huohuo alionishikia.

Siku ya mgomo walikusanyika asubuhi kwenye yadi ya mikokoteni. Nilifika nikakuta askari wamepangwa kando ya ukuta, na afisa wao mzungu na karani wa kumtafsiria. Mkutano bila kibali haukuruhusiwa siku zile. Gari la Naftaly lilikuwa ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa.

Wafagiaji walikuwa wameketi chini, mifagio imelazwa mbele yao. Nyuma yao walisimama wakunga walioachishwa, wamevaa nguo zao za kazi kama vile bado wana kazi. Chepkurui alikuwa mbele yao, Jeruto mgongoni.

Sikujua kwamba angekuja. Hakuwa ameniambia.

Afisa alinijia, karani akatafsiri. "Bwana anasema wewe ni memba wao. Waambie waondoke kwa amani. Wakikataa, viongozi watashikwa."

Nyongesa naye akaja. Alikuwa na jasho, ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Ndugu, tuambie wewe," alisema. "Ukisema tukae, tutakaa, watupige. Ukisema twende, twende. Mimi sisikilizi mzungu wala Naftaly. Wewe ulisimama na sisi mle ndani."

Akanisaidia kupanda juu ya mkokoteni. Niliona nyuso zilizonipa kura. Niliona Naftaly anatoa kiwiko nje ya dirisha, ametulia kabisa.

Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kuwarudisha kazini. Yalikuwa maneno mazuri. Hakuna mtu angeumia, hakuna kichwa kingepasuka, na mwisho wa mwezi ningelipwa. Tena yalikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu askari walikuwa na marungu na watu wangu walikuwa na mifagio.

"Ndugu zangu," nilisema.

Chepkurui aliniangalia juu. Aliniangalia jinsi alivyoniangalia miezi ile yote tukila jasho lake, bila kunidai.

"Mnasema nilisimama na ninyi," nilisema. "Nilisimama kwa mdomo. Hoja ilipita kwa kura moja. Kura hiyo ni yangu. Mkono wangu ulikuwa juu."

Hakuna aliyesonga. Nikasikia kioo cha gari la Naftaly kikipandishwa.

"Pesa ya nyongeza yenu imekuwa mshahara wangu," nilisema. "Na ya wakunga pia. Sikuuliza itatoka wapi kwa sababu sikutaka kujua."

Nyongesa alikuwa bado ameshika mguu wa suruali yangu, alivyoushika akinipandisha. Akauachia.

Afisa akamgeukia karani wake kuuliza nimesema nini. "What did he say?"

Karani alinitazama, akawatazama watu, akaangalia viatu vyake. Hakutafsiri.

"Wewe karani," alisema Nyongesa bila kugeuka, "mwambie bwana wako angoje kidogo. Hii ni yetu kwanza."

Mmoja wa wafagiaji akainuka, na mfagio wake mkononi. Wa pili akainuka. Askari nao wakasogea hatua mbele, na afisa akainua kiganja kuwazuia, haelewi ni nani anayetaka kumpiga nani.

Ndipo nikamwona Chepkurui akifungua leso mgongoni. Alimtoa Jeruto, akamweka mikononi mwa Nyongesa, naye Nyongesa akampokea kwa sababu hakujua la kufanya. Kisha mke wangu akaanza kuja kwenye mkokoteni, na watu wakampisha njia.